Bodi ya 1/24: kopo la spreyi au brashi ya hewa?

Bampa24

Habari wakuu. Kuna bodi ya gari la modeli, ya plastiki nyeupe, kipimo cha 1/24 (gari la kweli limepunguzwa mara 24), inasubiri rangi: nyekundu moja ya kung'aa, dekali chache (stika nyembamba za kubandika kwa maji), halafu klia (mkono wa juu unaopitisha mwanga). Makopo ya spreyi ya Tamiya TS yapo tayari. Shida ni kwamba kila ninapouliza naambiwa bila brashi ya hewa (kipulizio kidogo cha rangi kinachotumia hewa ya kompresa) kazi haitoki safi. Kabla sijaingia kwenye mambo ya kompresa, nozeli na thina, naomba mnaojua mnieleze: brashi ya hewa inatoa nini hasa ambacho kopo haliwezi? Na nikibaki na kopo, nifanyeje ili uso usitoke na vipele kama ganda la chungwa, na mistari ya milango isizibe?

Baada ya hii inafuata bodi ya rangi mbili, juu nyeupe, chini bluu ya metaliki. Kama jibu linabadilika kwa hiyo ya pili, nisemeeni.

---

MsasaLaini

Mkuu, kwa nyekundu ya rangi moja, aliyekwambia kopo halifai kalionea kopo. Rangi ya kung'aa inataka imwagike kwa wingi na kwa haraka, matone yaungane yakiwa bado mabichi. Kopo linafanya hivyo lenyewe. Ubaya wake ni kwamba presha, wepesi wa rangi na upana wa mnyunyizo vyote vimepangwa kiwandani, huna pa kuvigusa. Unabaki na vitu vitatu tu: joto la kopo, umbali, na kasi ya mkono wako. Wengi wanaolaumu kopo hawajawahi kugusa hicho cha kwanza.

Anza na bodi kabla ya rangi. Ioshe kwa sabuni ya vyombo na mswaki laini, suuza, iache ikauke yenyewe. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kuitoa kwenye moldi, na rangi ikikutana na mafuta inayakimbia na kuacha vishimo vya duara. Ukishaosha usiishike tena kwa vidole vitupu, ipachike juu ya chupa au kipande cha waya mnene kwa ndani.

Mistari ya milango na boneti ichimbe sasa hivi, si baadaye. Pitisha mgongo wa kisu au kichimbio mara mbili tatu, kwa wepesi, bila kukandamiza. Mstari wa kiwandani mara nyingi ni mfinyu kiasi kwamba praima (rangi ya msingi), rangi na klia vikishakaa unageuka bonde la mviringo, na wino wa kutilia mstari haushiki tena.

Praima: chini ya nyekundu weka nyeupe au ya pinki, usiweke ya kijivu. Nyekundu haifuniki vizuri. Juu ya kijivu itaonekana kama damu kavu, utaongeza mkono (tabaka) mmoja, kisha mwingine, na hapo ndipo mistari inapozibika. Bahati yako plastiki ni nyeupe. Ingekuwa nyekundu halafu unataka kuipiga nyeupe, rangi ya plastiki ingepanda mpaka juu na kuigeuza pinki, na ingebidi uizibe kwanza kwa mkono wa rangi ya fedha.

Praima ikikauka, pitisha msasa wa maji namba 2000 kidogo tu, ondoa chembe, ukijiepusha na kingo.

Sasa kopo. Lizamishe kwenye maji ya uvuguvugu, yale unayoweza kutia mkono ukatulia, yasizidi nyuzi 40, kwa dakika tano hadi kumi. Usilipashe juu ya moto wala jiko. Makopo haya yameandikwa onyo la nyuzi 50 na onyo hilo si pambo. Joto linaongeza presha ndani na kuifanya rangi iwe nyepesi, kwa hiyo matone yanatoka madogo na yanaungana vizuri. Likaushe kabisa, maana tone moja la maji likidondoka kwenye bodi umeharibu. Tikisa dakika mbili baada ya kusikia gololi ya ndani ikicheza.

Mkono wa kwanza ni wa vumbi: sentimita 25, pita haraka, bodi ibaki na madoadoa na praima ionekane chini yake. Watu wengi wanashindwa kujizuia hapa. Subiri dakika 10. Wa pili vilevile. Wa tatu sogea mpaka sentimita 15 hivi na upunguze mwendo. Kila pito lianzie nje ya bodi na liishie nje ya bodi, kwa sababu kopo hutema matone makubwa unapobonyeza na unapoachia. Weka taa upande wa pili na utazame taswira yake kwenye rangi, usitazame rangi yenyewe. Taswira ikiacha kuwa na punje na kuwa mstari mmoja wa mwanga, ondoka hapo. Ukiongeza nusu sekunde, rangi inaanza kuteleza kuelekea chini ya mlango.

Ganda la chungwa linatokea kwa sababu mbili zinazopingana, ndiyo maana ushauri wake huwachanganya watu. Ukiwa mbali sana, matone yanafika yameshaanza kukauka na hayaungani. Ukiwa na kopo la baridi, matone ni makubwa na mazito na yanasimama yalipotua. Kumbuka gesi inapotoka inapooza kopo, kwa hiyo kati ya mkono na mkono lirudishe kwenye maji.

Ukimaliza, pindua kopo juu chini na upulize sekunde mbili hadi gesi tupu itoke. Usipofanya hivyo, safari ijayo litatema.

---

SindanoPointiTatu

Nakubaliana na MsasaLaini kwenye nyekundu. Kwenye ile ya pili ndipo tunapoachana.

Mpaka wa nyeupe na bluu unafunikwa kwa tepu, na kopo linarundika rangi nyingi kwenye ukingo wa tepu. Ukiitoa, unakuta ngazi unayoweza kuisikia kwa ukucha. Kwenye gari la kweli ngazi hiyo haionekani. Kwenye 1/24 ukiizidisha mara 24 inakuwa ngazi inayoonekana wazi. Kwa brashi ya hewa unapuliza kutoka upande wa tepu kuelekea mbali nayo, mikono miwili myembamba, na ukingo unabaki karibu tambarare. Unaweza pia kuziba ukingo wa tepu kwanza kwa mkono mwepesi wa ile rangi ya chini, yaani nyeupe juu ya tepu, ndipo bluu ifuate. Kitakachopenya chini ya tepu kitakuwa nyeupe juu ya nyeupe.

Jambo la pili ni metaliki. Chembe za metaliki zinalala kufuatana na jinsi rangi ilivyotua. Mkono mbichi sana unazifanya ziogelee na kujikusanya, unapata mawingu meusi na meupe. Kopo linakusukuma huko. Kwa brashi unapuliza mikono mikavu kiasi, presha ileile, umbali uleule, na mng'ao unauachia klia. Boneti, bampa na vioo vya pembeni vipulize pamoja na bodi, siku moja, na vikae vikielekea upande uleule vitakavyokaa kwenye gari. Bampa iliyopulizwa ikiwa imelala itaonekana na rangi tofauti na bodi iliyosimama hata kama rangi imetoka chupa moja.

Na tafadhali, usichukue metaliki ya makopo ya magari ya kweli. Chembe zake zimetengenezwa kwa ajili ya boneti ya mita moja. Kwenye 1/24 zinaonekana kama pambo la sherehe.

Kuhusu vifaa: brashi ya vitendo viwili yenye kikombe juu. Kubonyeza kunatoa hewa, kuvuta nyuma kunatoa rangi. Nozeli (tundu la kutolea rangi) ya milimita 0.3 itafanya karibu kila kitu, ya 0.5 ni nzuri zaidi kwa praima na klia ya bodi nzima. Ya 0.2 iache, inaziba na metaliki na huna kazi nayo. Kompresa iwe na tangi, hata la lita 3, kwa sababu bila tangi hewa inakuja kwa mapigo na mapigo hayo yanaonekana kwenye rangi. Regyuleta (kidhibiti cha presha) yenye geji na kichujio cha maji ni lazima. Hewa ikibanwa inatoa maji, na tone moja likifika kwenye bodi linaacha alama ya mviringo.

Rangi za laka (zenye kiyeyusho kikali) za chupa, mfano Tamiya LP, nyingi zinalingana na zile za TS, kwa hiyo ukihama huachi rangi zako. Kwa bodi anza na sehemu moja ya rangi kwa moja na nusu ya thina ya laka, presha kati ya 18 na 22 psi (kipimo cha presha kwenye geji), umbali sentimita 8 hadi 10. Mkono wa mwisho ongeza thina ifike moja kwa mbili na utumie thina yenye kichelewesho (cha kuchelewesha kukauka), kama Mr. Leveling Thinner, ili rangi ipate muda wa kujisawazisha. Bodi ya 1/24 itakula vikombe viwili hivi vya 7 ml. Changanya vyote pamoja kabla ya kuanza. Ukichanganya cha pili katikati ya kazi, kivuli kitabadilika.

Ila nikuambie ukweli wake: brashi inakupa uhuru wa kurekebisha kila kitu, na ndivyo inavyokupa uhuru wa kukosea kila kitu. Presha kubwa na rangi nzito, unapata vumbi kavu linalokwaruza kama msasa. Rangi nyepesi na umbali mdogo, inakimbia kama buibui mwenye miguu mingi. Piga kwanza kwenye vijiko vya plastiki. Kijiko kina mgongo wa mviringo kama paa la gari na kitakuonyesha kosa kabla bodi haijalipia.

---

KichujioCheusi

Kabla hamjaendelea: rangi zote mbili, ya kopo na ya brashi, ni laka, na mvuke wake haucheki na mtu. Barakoa ya kitambaa au ya karatasi haizuii mvuke, inazuia vumbi tu. Unahitaji ya mpira yenye vichujio vya mkaa kwa mvuke wa kemikali, pamoja na cha vumbi mbele yake. Ukianza kusikia harufu ukiwa umeivaa, kichujio kimekwisha au haijakaa vizuri usoni. Ndevu pia huivujisha. Kopo ndilo baya zaidi kwa chumba, kwa sababu sehemu kubwa ya rangi haifiki kwenye bodi, inabaki hewani, na gesi yake inashika moto. Hakuna jiko, hakuna kiberiti, na feni ya kutolea hewa isiwe ya kutoa cheche.

Klia za magari za kuchanganya na hadina (kigumishi), zile za vijenzi viwili, zina isosianeti, kemikali hatari kwa mapafu. Hizo barakoa ya vichujio haitoshi kuziaminia. Zinataka barakoa ya kuletewa hewa safi kutoka nje. Kwa modeli ya kuweka kabatini sioni sababu.

---

Gololi

Hakuna aliyetaja njia ya katikati: rangi ya kopo ndani ya brashi. Ukipata brashi, usitupe TS zako.

Chukua mrija wa kunywea, uubane kwa tepu kwenye mdomo wa kopo, mwisho wake uelekeze kwenye chupa ya kioo iliyofunikwa kwa karatasi ya jikoni yenye tundu. Bonyeza kwa vipindi vifupi. Hapa kopo lisiwe la moto, safari hii tunalitaka la baridi, ili gesi isifumuke kwa fujo. Utapata kimiminika kinachochemka chenyewe. Hicho ni gesi iliyoyeyuka ndani ya rangi ikitoka. Usikifunge! Chupa iliyofungwa itatupa kifuniko na rangi yote ukutani. Iache wazi, imefunikwa kwa karatasi tu, saa moja au mbili, ukiikoroga polepole kila baada ya muda. Ikikorogwa bila kutoa mapovu, iko tayari.

Wanaoharakisha ndio wanaolalamika kwamba njia hii inaleta vipovu. Gesi iliyobaki inatoka ikiwa kwenye bodi, na kila kipovu kinaacha tundu la sindano.

Rangi ya kopo imeshatiwa thina ya kutosha. Ongeza asilimia 10 hadi 20 tu ya thina yenye kichelewesho.

---

Bampa24

Asanteni sana, nimeelewa zaidi ya nilivyouliza. Basi nyekundu naipiga kwa kopo, na bluu naisogeza mbele mpaka brashi iwepo. Mawili yamebaki. Klia ya kopo, TS-13, juu ya dekali, nasoma kwamba inazila. Na siku ya mvua, naweza kupuliza au niache?

---

SindanoPointiTatu

Mvua, acha. Thina inapokauka inachukua joto kutoka kwenye uso wa bodi, uso unapoa, unyevu wa hewani unageuka maji juu yake na kunaswa ndani ya rangi. Unapata ukungu mweupe, hasa kwenye nyeusi na nyekundu. Unyevu ukipita asilimia 70 usijaribu kwa kopo. Kwa brashi unaweza kusogea kidogo kwa kuongeza kichelewesho. Ukungu ukishatokea usikate tamaa: subiri siku kavu, puliza mkono mmoja mwembamba wa thina yenye kichelewesho au wa klia, na mara nyingi unayeyuka na kuondoka.

---

MsasaLaini

TS-13 inazila kweli, lakini inazila ikiwa mbichi. Thina yake ina nguvu ya kukunja dekali na kuyeyusha wino. Dekali zikauke siku nzima, maji yote yatoke chini yake. Futa mabaki ya gundi kwa pamba yenye unyevu, la sivyo yatabaki kama pete ya chai. Kisha mikono mitatu ya vumbi ya klia, mikavu kabisa, kila mmoja dakika 15. Uso utaonekana mbaya, wa kijivu, kama umeharibu. Hiyo ndiyo ngao yako. Baada ya hapo ndipo mikono miwili mibichi, na wa kwanza usiwe mzito kama wa pili.

Jaribu kwanza kwenye dekali isiyotumika iliyobaki kwenye karatasi, ibandike kwenye kijiko. Dekali za watengenezaji tofauti hazivumilii sawa.

Halafu iache. Watu wanaharibu hapa kuliko popote. Laka inakauka kwa kugusa baada ya nusu saa lakini ndani bado inatoa mvuke kwa siku nyingi. Inuse kwa karibu: ikiwa bado inanukia, bado ni laini. Wiki moja ndiyo kiasi cha kujipa. Ukiisugua mapema itang'aa vizuri, na baada ya mwezi itasinyaa, mikwaruzo ya msasa wa chini ianze kuonekana.

Kusugua: kitambaa cha msasa namba 4000, maji na tone la sabuni, kwenye paa na boneti tu. Ukiona uso umekuwa wa maziwa sawasawa bila vitone vinavyong'aa, vipele vimeisha. Panda 6000, 8000, 12000, kisha dawa ya kung'arishia ya hatua mbili, ya wastani na ya laini. Kingo zote, pembe za boneti, ukingo wa juu wa matao ya magurudumu, zifunike kwa vipande vyembamba vya tepu unaposugua. Rangi hukimbia kingo ikiwa mbichi, kwa hiyo hapo ndipo ilipo nyembamba kuliko kote.

---

Bampa24

Na ikitokea nimetoboa ukingo hadi praima?

---

Gololi

Usilirudie kopo, litafunika nusu ya bodi kwa ajili ya milimita mbili. Toa rangi kidogo kutoka kwenye kopo kwa mrija kama nilivyoeleza hapo juu, iache imalize kuchemka, kisha chukua kijiti cha meno kilichonolewa, chovya ncha na uguse mstari wa ukingo mara moja bila kurudia. Ukirudia utayeyusha ya chini. Subiri siku mbili, pitisha msasa wa 6000 kidogo kuulainisha, na mkono mmoja wa klia juu ya paneli hiyo. Ukiwa na brashi ya 0.3 ni rahisi zaidi: 12 psi, sentimita 3, na kipande cha karatasi kilichoinuliwa kidogo juu ya paneli badala ya tepu, ili mpaka wa rangi mpya ufifie.